Kujua Unachokitaka Kweli na Kukata Shauri: Mwongozo kwa Aliyemaliza Kidato cha Nne

Matokeo ya kidato cha nne nchini Tanzania hutangazwa kwa kawaida mwezi Januari, na baada yake Ofisi ya Rais – TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) hufungua dirisha ambalo mhitimu anaweza kuingia katika mfumo wa mtandaoni wa Selform na kubadilisha machaguo ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, na ya vyuo aliyoyajaza shuleni kabla ya mtihani. Dirisha hilo hufungwa baada ya muda, na asiyelitumia hupangiwa kwa kufuata yale aliyoyaandika wakati bado hajajua atafaulu nini. Hapo ndipo wengi hukwama. Kijana aliyekuwa akisema tangu shule ya msingi kwamba atakuwa rubani anagundua kwamba hana hakika kama bado anautaka urubani. Mwenye alama nzuri za sayansi anaambiwa na kila mtu achukue PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, lakini moyo wake unasuasua. Mwingine ana njia tatu mbele yake, na kila siku anaamka akiipenda nyingine.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kijana huyo, na pia kwa mzazi au mlezi anayeketi naye. Kwa maoni yangu, kusitasita kwa namna hii hutokana mara chache na uchache wa taarifa. Mara nyingi zaidi hutokana na matakwa ya watu kadhaa yaliyochanganyika ndani ya mtu mmoja, na mpaka yatenganishwe, hakuna taarifa itakayomtosha. Anayeiruka kazi hiyo huendelea kuuliza huku na huku, na kila anayemuuliza humwongezea takwa jingine.

Yatenganishe matakwa kwanza

Chukua daftari, ukae mahali ambapo hutasumbuliwa, kisha uandike kila kozi, tahasusi na kazi iliyowahi kukupitia akilini, hata ile unayoona haya kuitaja mbele ya watu. Mbele ya kila moja andika jina la mtu wa kwanza aliyeitaja: baba, mama, shangazi, mwalimu wa Kemia, rafiki uliyekaa naye dawati moja, au wewe mwenyewe. Usikimbilie kufuta yale yaliyotoka kwa wengine, kwa kuwa mambo mengi mema tunayoyapenda tulifundishwa kuyapenda na wengine. Kusudi la zoezi hili ni kuona tu sauti ipi ni ya nani.

Kisha jiulize swali moja kwa kila mstari: ikiwa hakuna ndugu, jirani wala mwanafunzi mwenzangu atakayejua nimesomea nini, je, bado ningeichagua njia hii? Jibu lake huja upesi, na aghalabu humshangaza mwenye kujibu. Wapo watakaoona kwamba walichokuwa wakikitaka ni siku ya kutangaziwa, pongezi za ukoo na jina litakalotangulia jina lao, na kwamba kazi yenyewe hawajawahi kuifikiria. Wapo pia watakaoona kwamba kozi waliyodhani wamelazimishwa na mzazi wameshaipenda wenyewe siku nyingi, na kinachowaudhi ni ile namna ya kuamriwa.

Matakwa ya wazazi yanastahili uchunguzi wa pekee, maana ndiyo yenye uzito mkubwa na ndiyo yanayoeleweka vibaya. Mzazi anaposema, "Wewe uwe daktari," huenda anachokisema ni kwamba asingependa mwanawe ahangaike kutafuta ajira kama alivyohangaika yeye, au kwamba anatamani pawe na mtu mmoja nyumbani anayeweza kusimama mbele ya wakubwa bila kutetemeka. Hayo ni matakwa ya usalama na ya heshima, na yanaweza kutimizwa kwa njia nyingi kuliko ile moja aliyoitaja. Kwa hiyo muulize kwa adabu ni jambo gani hasa analolihofia na ni jambo gani analolitumainia. Kijana anayejua hofu ya mzazi wake anaweza kuijibu. Anayeijua amri peke yake ana mambo mawili tu ya kufanya, kutii au kugomba.

Shuka kutoka kwenye cheo hadi kwenye siku ya kazi

Watu wengi hutamani vyeo, ilhali wataishi ndani ya siku. Kusema "nataka kuwa mwanasheria" ni rahisi kwa kuwa picha inayokuja ni ya joho na mahakama. Ukikaa na wakili utaona saa nyingi za kusoma majalada, kuandika na kuandika upya, kusubiri shauri linaloahirishwa, na kumfafanulia mteja jambo ambalo hakutaka kulisikia. Na kabla ya kufika hapo kuna shahada ya sheria, kisha mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Kwa mtu anayependa kusoma kwa kina na kushindana kwa hoja, hayo yote ni raha. Kwa anayependa joho tu, ni miaka mingi ya kujilazimisha.

Udaktari ndio mfano ninaopenda kuutumia zaidi, kwa sababu ndio unaotajwa zaidi. Shahada ya udaktari wa binadamu huchukua miaka mitano, na baada yake kuna mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo kazini, hospitalini. Ili kuingia humo lazima uwe umefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia katika kidato cha sita, maana yake ni kwamba aliyechukua CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, hana njia ya moja kwa moja kutoka hapo hata akipata alama za juu kabisa. Sasa chambua neno "nataka" katika "nataka kuwa daktari." Kama unachokitaka ni kumhudumia mgonjwa ana kwa ana, basi stashahada ya utabibu au ya uuguzi, ambayo kwa kawaida ni ya miaka mitatu, inakufikisha wodini mapema zaidi. Kama kinachokuvuta ni kujua ugonjwa unavyofanya kazi mwilini, maabara inaweza kukufaa kuliko wodi. Kama ni dawa zenyewe, upo ufamasia. Kama ni heshima ya jamii, jiulize kwa ukweli kama heshima hiyo itakuvusha zamu ya usiku wa manane, wagonjwa wakiwa wengi na wahudumu wachache. Na kama baada ya kuyapima haya yote bado unautaka udaktari wenyewe, pamoja na urefu wake na uchovu wake, umepata jambo la thamani kubwa: takwa lililokwisha kujaribiwa, ambalo halitayumba kwa neno la mtu mmoja njiani.

Uchambuzi wa aina hii hauwezi kukamilika chumbani. Kati ya kumaliza mtihani mwezi Novemba na kuanza kidato cha tano mwezi Julai kuna miezi ambayo vijana wengi hukaa nyumbani wakisubiri, na huo ndio muda wa kwenda kuona. Omba kukaa siku chache katika duka la dawa, gereji, ofisi ya mpima ardhi, shamba la mtu anayeuza mbogamboga sokoni, au karakana ya fundi umeme. Huhitaji barua rasmi kwa kila mahali. Mara nyingi mjomba anamfahamu mtu, au katika msikiti au kanisa lenu kuna mwenye kazi unayoifikiria. Utakapokutana na mwenye kazi hiyo, usimuulize kama kazi yake ni nzuri, kwa kuwa kila mtu hujibu swali hilo kwa kujitetea au kwa kulalamika. Muulize: "Jana ulifanya nini tangu ulipofika kazini mpaka ulipoondoka?" Mwache aeleze saa kwa saa, na wewe usikilize mwili wako unapokuwa makini na unapochoka. Kisha muulize ni sehemu gani ya kazi inayomchosha kuliko zote, na ujipime kama uchovu wa aina hiyo unaweza kuuvumilia, kwa maana hakuna kazi isiyokuwa na uchovu wake.

Kuna ushahidi mwingine ulio karibu zaidi, nao ni maisha yako ya miaka minne iliyopita. Ni somo gani ulilolisoma hata wakati hakukuwa na jaribio? Nyumbani ulikuwa ukiitwa kusaidia jambo gani: kutengeneza redio iliyoharibika, kuandika barua, kumtuliza mtoto, kupiga hesabu za duka? Ulisahau njaa ukifanya nini? Alama za mtihani ni ushahidi pia, ila zisomwe kwa uangalifu. Wakati mwingine alama ya juu ni matunda ya mwalimu hodari, na alama ya chini ni matokeo ya kukosa mwalimu wa somo hilo kwa mwaka mzima, jambo ambalo wanafunzi wa shule nyingi wanalijua vizuri. Anayechagua kwa kufuata alama peke yake huenda akawa anachagua kwa kufuata ikama ya walimu wa shule yake.

Jua milango inayofungika na isiyofungika

Hofu kubwa ya anayesitasita ni kwamba akikosea, maisha yameharibika. Hofu hiyo hupungua akipata picha sahihi ya yapi yanarekebishika na yapi hayarekebishiki kwa urahisi. Aliyekwenda chuo cha kati baada ya kidato cha nne hajaaga chuo kikuu, kwani mwenye stashahada yenye ufaulu unaotakiwa anaweza kuomba shahada, na wapo wanaofika huko wakiwa na ujuzi wa mikono ambao wenzao wa kidato cha sita hawana. Aliyeanza na ufundi stadi katika VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, anaweza kufanya kazi huku akijiendeleza. Kwa upande mwingine, kuacha Hisabati ya kidato cha tano na sita ni uamuzi mzito kwa mwenye ndoto ya uhandisi, na kuacha Fizikia ni uamuzi mzito kwa mwenye ndoto ya udaktari. Kurudi nyuma kunawezekana, lakini kunagharimu miaka na ada.

Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba uamuzi unaorekebishika upewe muda mfupi, na usiorekebishika kwa urahisi upewe muda mrefu na macho mengi. Wengi hufanya kinyume: huhangaika wiki nzima juu ya shule ya kuomba, halafu huchagua tahasusi kwa dakika chache kwa sababu rafiki ameichagua. Ugumu uliongezeka mwaka 2024 Serikali ilipotangaza tahasusi mpya 49, na idadi yake kufika 65 kutoka 16, zikiwamo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Upana huo ni jambo jema kwa kijana anayejijua, na ni mzigo kwa asiyejijua. Si kila shule inatoa kila tahasusi, kwa hiyo uhakikishe kwanza kwamba unayoitaka inafundishwa mahali unapoweza kufika.

Kuhusu fedha sitasema mengi, ila lisemwe wazi mezani. Kaeni familia mkubaliane ni kiasi gani cha ada, nauli na matumizi kinachowezekana bila kuuza shamba. Mkopo wa elimu ya juu ni msaada mkubwa, lakini ni deni, na mwajiriwa aliyenufaika nao hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka amalize. Kijana anayejua hivyo mapema hataliona kama dhuluma baadaye.

Weka siku ya mwisho na vipimo vichache

Baada ya kutenganisha matakwa na kwenda kuona kazi, utabaki na njia mbili au tatu zenye uzito unaokaribiana. Hapa ndipo njia mbili zilipomshinda fisi, na ndipo mtu mwenye akili nyingi anapoweza kukwama zaidi kuliko mwenye akili ya kawaida, kwa sababu ana uwezo wa kuona sababu nzuri kila upande.

Jiwekee tarehe ya kuamua iliyo siku kadhaa kabla dirisha halijafungwa, uiandike, na umwambie mtu mmoja unayemheshimu akuulize siku hiyo. Kisha chagua vipimo visivyozidi vitatu. Mathalani: je, kazi ya kila siku ya njia hii naiweza na naipenda kiasi cha kutosha? Je, familia inamudu? Je, ikishindikana, ina mlango wa pili? Njia yoyote inayopita vipimo vyote vitatu inafaa, nawe huna haja ya kuthibitisha kwamba ndiyo bora kuliko zote duniani. Mtaalamu wa Marekani Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1978, alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuonyesha kwamba wanadamu hawana muda wala taarifa za kutafuta kilicho bora kabisa, na kwamba huamua kwa kutafuta kinachotosha. Kwa kijana wa kidato cha nne maneno hayo ni faraja kubwa, maana anaruhusiwa kuacha kutafuta.

Kuna wanaopenda kugawa karatasi mara mbili, faida upande mmoja na hasara upande mwingine. Njia hiyo ni ya zamani. Benjamin Franklin aliieleza mwaka 1772 katika barua kwa rafiki yake Joseph Priestley aliyekuwa akitafuta ushauri. Wanaoiiga husahau sehemu yake yenye manufaa zaidi. Franklin alikuwa akiijaza karatasi yake kwa muda wa siku tatu au nne, jinsi sababu zilivyomjia kwa nyakati mbalimbali, ndipo akafuta zile zilizolingana uzito pande zote mbili na kuangalia kilichobaki. Orodha iliyoandikwa kwa kikao kimoja huandikwa na hali ya moyo ya siku ile. Ukiijaza asubuhi ukiwa na nguvu, jioni ukiwa umechoka, na siku inayofuata baada ya kuzungumza na mama, utapata picha inayokaribia ukweli.

Siku ya kukata shauri

Tarehe uliyoiweka ikifika, amua. Usiombe siku moja zaidi, isipokuwa kama kuna taarifa mahususi unayoisubiri na unajua itafika lini. Kwa Waislamu, swala ya istikhara, yaani ya kumwomba Mungu mwongozo katika uamuzi, ina mahali pake hapa, na inafaa kukumbuka kwamba katika hadithi iliyopokewa na Jabir bin Abdillah, Mtume anamwelekeza mtu anapokusudia jambo aswali rakaa mbili zisizo za faradhi kisha aombe dua ya istikhara. Kwa hiyo istikhara huswaliwa na mtu aliyekwisha kuelekea upande fulani, anayemwomba Mola alifanye jambo liwe jepesi kama lina kheri naye, au aliepushe kama lina shari. Hadithi hiyo haitaji ndoto, na wale wanaongoja ndoto kwa majuma mengi huku dirisha likifungwa wanajinyima nafasi waliyokuwa nayo. Mkristo anayefunga na kuomba ana utaratibu wake, na shauri langu kwake ni lilelile: omba juu ya uamuzi unaoelekea kuufanya.

Ikiwa bado mizani imelala sawasawa, na mojawapo ya njia ni kubadilisha kile ulichokijaza shuleni, usiichukulie hofu ya kubadilisha kama ushahidi dhidi ya mabadiliko. Mchumi Steven Levitt wa Chuo Kikuu cha Chicago aliwaalika watu waliokwama kwenye maamuzi makubwa warushe sarafu kwenye tovuti, na sarafu zaidi ya 20,000 zilirushwa. Miezi sita baadaye, waliofanya mabadiliko walieleza kuwa na furaha zaidi kuliko waliobaki walipokuwa. Walikuwa watu wa nchi nyingine wenye maamuzi ya namna nyingine, na simshauri mtu achague tahasusi kwa kurusha shilingi. Hata hivyo matokeo hayo yanaonyesha kwamba mtu aliyekwama huelemea mno upande wa kubaki alipo.

Kumweleza mzazi uamuzi usiolingana na wake ni sehemu inayoogopwa zaidi, na inahitaji maandalizi. Usizungumze naye akiwa ametoka kazini amechoka, wala mbele ya wageni. Anza kwa kukiri hofu yake kabla ya kutaja chaguo lako, kwa maneno kama haya: "Baba, shikamoo. Naomba nafasi ya kuzungumza nawe. Najua unataka nisije nikakosa kazi, na jambo hilo nimelifikiri sana. Nimekwenda kukaa na fundi umeme mjini, nimeona kazi yake na nimemuuliza kuhusu kipato chake. Ninaomba nikueleze nilichokiona, halafu unishauri." Mletee ulichokiona na vipimo vyako vitatu, na umpe muda wa kulitafakari. Akikataa, muulize kipimo gani hakijamridhisha, maana hapo mnaweza kulijadili jambo moja badala ya kugombea maisha yako yote. Ikiwa mazungumzo yanakwama, mshirikishe mtu anayemheshimu, kama vile mjomba, shangazi au mwalimu wa ushauri nasaha wa shule uliyosoma.

Ukishathibitisha machaguo kwenye mfumo, hifadhi nakala, kisha ufunge daftari. Kwa siku kadhaa utaona ile njia uliyoiacha inang'aa kuliko ilivyong'aa ulipokuwa ukiipima, na hiyo ni kawaida kwa kila aliyechagua, haina maana kwamba umekosea. Usiwaulize watu wapya maoni yao juu ya jambo ulilokwisha kulimaliza. Jiwekee tarehe moja ya kulipitia upya, mwishoni mwa muhula wa kwanza, ambapo utakuwa umehudhuria vipindi, umefanya majaribio na umeona kazi yenyewe kwa macho yako, na utakuwa na mambo mapya ya kuandika kwenye karatasi. Kabla ya tarehe hiyo, nguvu uliyokuwa ukiitumia kusitasita ielekeze kwenye kusoma mapema masomo ya tahasusi au kozi uliyoichagua, ukianza na lile unaloliogopa zaidi.